"Kaungua asilimia 40": hizo asilimia zinahesabu nini hasa?

Ikitokea habari ya mtu kaungua, ndani ya nusu saa magrupu ya WhatsApp ya Mtwara na Lindi yanajaa namba. Mmoja anasema kaungua asilimia 40, mwingine anajibu ah basi ana asilimia 60 za kupona, wa tatu anatuma voisi ndefu kwamba wengi wanaolazwa kwa kuungua ni watoto wadogo kwa hiyo mama zao wazembe, wa nne anakumbusha kuwa ukishapewa rufaa kwenda hospitali kubwa ujue safari ndio hiyo. Zote zinaitwa asilimia ila zinahesabu vitu tofauti kabisa, na ukizichanganya unafika kwenye majibu ya ajabu kama hilo la huyo jamaa wa asilimia 60. Sasa tuzitenganishe taratibu, maana kwenye hii mada ukishajua namba gani inahesabu nini, nusu ya ubishi inaisha yenyewe.

Kwanza tukubaliane kuungua ni nini. Watu wengi wakisikia mgonjwa wa kuungua wanawaza moto unaowaka. Hospitalini ni pana zaidi: maji ya moto, uji, mafuta ya kukaangia, mvuke wa sufuria, umeme, tindikali, ekzosi ya pikipiki, hayo yote yanaandikwa kuungua. Na ile kazi ya kukaa na mafaili ya wagonjwa wote na kuuliza nani kaungua, wapi, saa ngapi, kwa kitu gani na kaishia vipi, ndiyo wataalamu wanaiita epidemiolojia. Daktari wa wodini anamuangalia mgonjwa aliyelala mbele yake, mtu wa epidemiolojia anawaangalia wote kwa pamoja halafu anauliza mbona hawa wamefanana hivi.

Haya, asilimia ya kwanza, ile inayoandikwa kwenye faili. Dokta akiandika 40 anazungumzia eneo la ngozi. Ukichukua ngozi yote ya huyu mtu toka utosini mpaka unyayoni, sehemu 40 kati ya 100 zimeungua. Basi. Hapo hajasema imeungua kwa kina gani na hajasema uwezekano wa kufa ni kiasi gani. Njia ya haraka ya kukadiria ni kiganja cha mgonjwa mwenyewe, ukihesabu na vidole vikiwa vimebanana, hicho ni kama asilimia 1. Nasisitiza cha mgonjwa, kwa sababu ukipima mtoto wa miaka miwili kwa kiganja cha baba yake aliyezoea jembe utapata namba ya uongo. Kwa majeraha makubwa wanatumia hesabu ya tisa tisa: kwa mtu mzima kichwa na shingo ni 9, kila mkono 9, kila mguu 18, kifua na tumbo 18, mgongo mpaka makalio 18, sehemu za siri 1. Jumlisha, 100 hiyo.

Ila mtoto hajaumbwa kama mtu mzima aliyepunguzwa. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kwa mtoto wa mwaka mmoja kichwa peke yake kinabeba kama 18 na kila mguu unashuka kwenye 14 hivi. Chukua mtoto anayevuta kitambaa cha meza au mpini wa sufuria ya uji, uji unamshukia usoni na kifuani. Uso na mbele ya shingo ni kama 9, nusu ya kifua na tumbo 9 nyingine, tayari yuko 18. Kwa macho unaona uji uliomwagika ni bakuli moja tu, lakini kitabibu huyo ni mgonjwa wa dripu na wa kulazwa, kwa sababu mpaka wa mtoto kuhitaji maji ya mshipani ni asilimia 10, mtu mzima ni 15. (Na ule wekundu tu kama wa kuchomwa na jua, usio na lengelenge, hauhesabiwi kwenye hiyo namba, ndiyo maana wakati mwingine nesi anataja 8 na nyinyi mlishajipigia 20.)

Kwa nini dripu wakati kilichoungua ni ngozi? Hapa ndipo pana kitu ambacho wengi hatukijui. Ngozi ikiungua eneo kubwa, mishipa midogo ya damu inaanza kuvuja, maji ya kwenye damu yanatoka yanaingia kwenye nyama, kwa hiyo mgonjwa anavimba kwa nje huku ndani ya mishipa kunakauka. Presha inashuka, mkojo unapungua, figo zinazima. Hali hii inakua ndani ya masaa, mgonjwa akiwa bado anaongea na nyinyi vizuri na anaomba chai. Hesabu ya dripu inazingatia uzito na ile asilimia ya eneo, na nusu ya maji inatakiwa iingie katika masaa 8 ya kwanza, na hayo masaa 8 yanahesabiwa toka alipoungua, siyo toka alipofika hospitali. Sasa fikiria mtu wa vijiji vya ndani huko Liwale au Nanyumbu, kaungua saa moja jioni, wamempaka wanachopaka, wamesubiri kuche, wamepata bodaboda asubuhi, wamefika zahanati, zahanati imewaandikia rufaa. Masaa 8 yalishapita akiwa bado hajaona sindano. Huyu akija kufariki siku ya tatu faili litaandikwa kuungua asilimia 25, lakini kilichomuua kwa sehemu kubwa ni saa na barabara. Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar ilikatika pale Somanga na sehemu nyingine za Kilwa, watu wakakwama. Kwa mgonjwa wa kuungua aliyetakiwa kupelekwa Muhimbili, barabara kukatika ni sehemu ya ugonjwa wake.

Halafu kuna kina, ambacho hakina asilimia na ndicho kinachodanganya familia nyingi. Kuungua juu juu kunauma sana, kunatoa malengelenge, ngozi chini inakuwa ya pinki na yenye majimaji. Kuungua kwa kina kunaweza kusiume kabisa, ngozi inakuwa nyeupe kama nta au kahawia na ngumu kama ngozi ya ngoma, maana mishipa ya fahamu nayo imeungua. Kwa hiyo mtoto analia usiku kucha watu wanapanda naye gari, na mzee aliyeangukia makaa mkono ukawa mweupe na mkavu, anasema hausikii chochote, wanamwacha nyumbani wanasema mzee kajikaza. Ni kinyume. Huyo mzee ndiye atakayehitaji kupandikizwa ngozi, na huo mkono usipofanyiwa mazoezi utakunjamana pale kiwiko kilipo na usinyooke tena.

Asilimia ya pili ni ya vifo, kati ya wagonjwa 100 waliolazwa wamekufa wangapi. Hii haitoki moja kwa moja kwenye ile ya kwanza. Inategemea eneo, kina, umri, kama alivuta moshi akiwa amefungiwa ndani, kama alikuja mapema, na hospitali ina nini. Zamani huko Ufaransa daktari mmoja, Baux, mwaka 1961, alikuja na hesabu nyepesi ya kujumlisha umri na asilimia ya eneo, jumla ikikaribia 100 hali ni mbaya sana. Mtu wa miaka 20 aliyeungua 40 anapata 60, mzee wa miaka 65 aliyeungua hizo hizo 40 anapata 105. Asilimia ile ile, hatima mbili. Siku hizi kwenye nchi zenye vitengo kamili vya kuungua watu wanapona hata na 70, hasa vijana, wakati kwenye hospitali nyingi za Afrika zisizo na kitengo hicho mgonjwa akivuka 40 kazi inakuwa nzito mno. Kwa hiyo yule wa "asilimia 60 za kupona" alitoa namba isiyokuwepo popote.

Na vifo vya kuungua haviji siku moja. Wengi tunakumbuka Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipoanguka Msamvu na watu wakaenda kuchota mafuta. Siku ya kwanza vilitajwa vifo takriban 60, kabla mwezi haujaisha idadi ikawa imevuka 100, na wengi wa walioongezeka walikuwa wameshafikishwa hospitali. Mtandaoni watu walianza kusema kuna kitu kinafichwa, mbona wanakufa wakiwa wodini. Hakuna kilichofichwa, ndivyo kuungua kunavyoua: siku mbili za mwanzo ni maji mwilini na moshi kwenye mapafu, baada ya hapo ni vidonda kuingia vijidudu, maana ngozi ndiyo ukuta na ukuta umeondoka, wadudu wanaingia kwenye damu wiki ya kwanza, ya pili, hata ya tatu.

Asilimia ya tatu ndiyo ya ile voisi: kati ya wagonjwa wa kuungua waliolazwa, wangapi ni watoto, wangapi wanawake, wangapi maji ya moto, wangapi moto wenyewe. Hapa ndipo mimi naona watu wanajikwaa zaidi, tena hata waandishi wa habari. Takwimu ya wodini inakuambia juu ya walioingia wodini. Haikuambii juu ya wote walioungua. Mvuvi wa Mikindani akitupa nyavu ya macho makubwa atarudi na samaki wakubwa tupu, asiyejua nyavu atasema huku baharini hakuna dagaa. Hospitali ni nyavu ya macho makubwa. Wanaonaswa ni walioungua sana, wanaoishi karibu na hospitali kama Ligula au Sokoine au Ndanda au Nyangao, wenye nauli, wenye mtu wa kuwauguza. Aliyeungua vidole na mafuta ya vitumbua hayupo. Aliyefia njiani hayupo. Aliyetibiwa kwa fundi kijijini akapona na kovu hayupo.

Kuna mtego mwingine ndani ya huo huo. Tuseme leo unaenda kumuona jamaa yako wodini, unapita vitanda vyote unaona walioungua ni wale wa hali mbaya tu, mapaja, mgongo, bandeji toka shingoni. Unatoka hapo unasema siku hizi watu wanaungua vibaya sana. Lakini mgonjwa wa kuungua analala muda mrefu, kwenye nchi zenye vifaa wanakadiria siku moja kitandani kwa kila asilimia moja ya eneo na kwetu huwa inazidi. Aliyeungua 5 kaingia Jumatatu katoka Ijumaa, aliyeungua 35 yupo toka mwezi uliopita na mwezi ujao utamkuta. Kwa hiyo siku yoyote utakayoingia, vitanda vimejaa wale wa muda mrefu. Ndiyo maana wanaofanya utafiti makini wanahesabu walioingia mwaka mzima kwa kufuata rejista ya kulazwa, hawaingii na kalamu siku moja kuhesabu vichwa.

Na hii inajibu pia la "ukipewa rufaa unaenda kufa". Hospitali ya rufaa, iwe ya mkoa au ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, inapokea walioshindikana kwingine. Zahanati ikitibu 50 waliobabuka kidogo na wote wakapona, ikatuma 3 mahututi na mmoja akafariki, zahanati ina vifo sifuri na rufaa ina asilimia 33. Ukilinganisha hizo mbili kijinga utawaambia watu wakae zahanati. Vile vile hospitali moja ikitangaza wagonjwa 200 kwa mwaka na nyingine 50, hujajua wapi watu wanaungua zaidi mpaka ujue kila moja inahudumia watu wangapi, na ina wodi ya kutosha au inawaelekeza wengine.

Sasa pamoja na macho yote makubwa ya hiyo nyavu, kuna sura ambayo inajirudia hospitali baada ya hospitali, hapa Tanzania, Malawi, Msumbiji, kote, mpaka huwezi tena kuiita bahati mbaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 180,000 wanakufa kila mwaka kwa kuungua, wengi sana wakiwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu theluthi mbili wakiwa kanda ya Afrika na Kusini Mashariki mwa Asia. Wanaolazwa, kundi kubwa ni watoto chini ya miaka mitano, na kinachowaunguza zaidi ni kitu cha maji maji: maji, chai, uji, maharage. Muda wake ni ule wa kupika. Mahali ni nyumbani kwao.

Mimi hili la kusema mama zao wazembe linanikera, nitasema kwa nini. Nenda uani kwenye nyumba yoyote ya kawaida, Tandahimba, Ruangwa, hata hapa Mtwara mjini. Mafiga matatu yako chini, sufuria ya maji iko kwenye kimo cha kifua cha mtoto anayeanza kutembea. Jiko la mkaa nalo liko chini. Mama mmoja anapika, anafua, ana mwingine mgongoni, na kama ni Ramadhani basi kuanzia saa kumi ni pilikapilika ya futari, mafuta yanachemka upande huu, uji upande ule, watoto wamefunga nusu siku wamechoka wanazunguka hapo hapo jikoni. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu kazi yake duniani ni kushika kila kinachong'aa. Ngozi yake ni nyembamba, maji ya nyuzi 60, ambayo hata hayachemki, yanamuunguza mtu mzima kwa kina ndani ya sekunde 5 hivi na mtoto haraka zaidi. Kikombe cha chai kilichomiminwa dakika 15 zilizopita bado kinaweza kumbabua mtoto mchanga. Uji ni mbaya kuliko maji kwa sababu unang'ang'ania ngozi na unabaki na joto. Ukiinua jiko likawa juu ya kitu kama tofali zilizopangwa na kusiribwa udongo, ukageuza mpini wa sufuria uangalie ndani, ukaweka kizuizi cha mbao mlangoni pa jiko, umebadilisha mengi kuliko kumsema mama wa watu kwenye grupu.

Watu wazima wanaungua kwa njia nyingine, kwa moto wenyewe, na wanaungua kwa kina zaidi kwa sababu nguo zinawaka. Kanga na kitenge vinashika moto wa kibatari au wa mafiga kwa chini, nyuma, mtu anagundua moto ukiwa mgongoni. Petroli ya chupa, ile inayouzwa kando ya barabara kwa ajili ya bodaboda, inahifadhiwa ndani ya nyumba ile ile yenye jiko, na mvuke wake ni mzito unatambaa chini kwa chini mpaka unakutana na kaa la moto. Huku kwetu ongeza na vya kwetu. Msimu wa mabibo watu wanapika nipa, ile pombe kali ya mabibo, na mvuke wa pombe ukivuja kwenye mtambo uliobandikwa juu ya moto wa kuni hauhitaji maelezo. Kiangazi watu wanachoma mashamba na majani chini ya mikorosho, upepo unageuka.

Na korosho yenyewe. Ganda la korosho lina mafuta meusi yenye ukali wa kubabua ngozi, na wanaobangua kwa mkono nyumbani wanayajua vizuri, vidole vinakuwa vyeusi, ngozi inachubuka na kumenyuka mpaka alama za vidole zinafutika. Ukizikaanga kwenye bati mafuta hayo yanatoka na kuruka, tena yanawaka. Kwa maana ya kitabibu huko ni kuungua kwa kemikali. Lakini nani aliwahi kwenda hospitali kwa ajili ya hilo? Wanapaka majivu au mafuta ya kula kabla ya kuanza kazi, maisha yanaendelea. Kwenye rejista yoyote ya kuungua ya mikoa hii miwili kundi hili litaonekana dogo sana, na mimi nikiona jedwali lenye mstari wa kemikali umeandikwa karibu na sifuri, akili yangu inaenda kwa hao akina mama wenye vidole vyeusi.

Kundi jingine la watu wazima ni wenye kifafa. Mtu anaanguka kwenye mafiga, hana fahamu, hawezi kujiondoa, ndiyo maana jeraha lake linakuwa la kina sana, mkono unaungua mpaka mfupa au uso upande mmoja. Na bado kuna wanaoamini ukimgusa wakati anatoa povu utaambukizwa, kwa hiyo wanasimama wanaangalia. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa mate, si kwa kumgusa, si kwa kumvuta motoni. Mvute. Halafu dawa za kifafa zipo, na mgonjwa wa kuungua mwenye kifafa akitibiwa kidonda akaruhusiwa bila kuanzishiwa dawa, atarudi.

La mwisho juu ya nani yuko kwenye rejista: safu ya sababu inaandikwa kutokana na alichosema aliyemleta. Mke aliyemwagiwa maji ya moto anaweza kuandikwa aliteleza. Mtoto aliyetumbukizwa mikono kwenye maji ya moto kwa kuiba nyama anaandikwa alimwagikiwa akicheza, ingawa jeraha lina mipaka iliyonyooka kama soksi au glavu, kitu ambacho maji yaliyomwagika kwa bahati mbaya hayafanyi. Manesi wazoefu wanaliona hilo. Wengine hawaji kabisa kwa kuogopa kuulizwa PF3, ile fomu ya polisi. Kwa hiyo safu ya "ajali" siku zote ni nene kuliko ukweli wake.

Tuje kwenye dawa za mtaani, maana hizi nazo zinaonekana mpaka kwenye takwimu. Kubwa kuliko zote ni imani kwamba ukimwagia maji mtu aliyeungua ndio yatatoka malengelenge. Lengelenge linatoka kwa sababu ngozi imeungua, maji hayaliletei. Maji ndiyo dawa ya kwanza: ya kawaida tu, ya bombani au ya mtungini, yasiyo na barafu, yatiririke juu ya jeraha dakika 20, na yanasaidia hata kama zimepita masaa matatu toka kuungua. Kama maji ni ya kuchota, na huku sehemu nyingi ni ya kuchota, tumia kopo, mwagia pole pole, kinga na beseni. Vua nguo iliyolowa maji ya moto, pete na bangili zitoke kabla hakujavimba, kilichogandia kwenye ngozi usikivute. Kwa mtoto aliyeungua eneo kubwa poza jeraha lakini sehemu nyingine mfunike asipate baridi. Kisha kitambaa safi, kanga iliyofuliwa inatosha, twende.

Dawa ya meno, yai, unga wa ngano, majivu, mafuta, samli, manyoya ya sungura, hivi vyote vinashika joto au vinaleta uchafu, na tatizo ambalo watu hawalioni ni kwamba hospitali inabidi wakuoshe kwanza kuviondoa, ambayo ni maumivu mapya, ndipo wapime eneo na kina. Manyoya yakishagandia kwenye kidonda kibichi hakuna dokta anayeweza kusema hiyo ni 12 au 20. Asali ina mazungumzo yake, kuna asali iliyosafishwa kitaalamu inatumika hospitali kufungia vidonda, ila hiyo siyo ile ya chupa ya barabarani, na hata hiyo ya kitaalamu inakuja baada ya maji, haiji badala yake. Na malengelenge usiyapasue nyumbani. Ukifika, uliza pia sindano ya pepopunda.

Swali ambalo nalipata sana siku hizi ni la gesi. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, mitungi inagawiwa, na watu wanaogopa wanasema bora kuni, gesi inalipuka. Kuni na mkaa vinaunguza watu kila siku ila mmoja mmoja, uani kwao, bila picha. Mtungi ukilipuka unasambaa mtandaoni nchi nzima. Usipime hatari kwa idadi ya video. Kitu ninachotegemea kuona kwenye rejista za miaka ijayo ni mchanganyiko kubadilika: watoto wa mafiga wapungue kidogo kama jiko la gesi litawekwa juu ya meza, na wakiliweka sakafuni, kama wengi ninaowaona wanavyofanya, watabaki pale pale, maana maji yanayochemka hayaulizi yamechemshwa na nini. Watakaoongezeka ni watu wazima wa kuungua uso na mikono, waliowasha kiberiti kwenye gesi iliyovuja.

Na hapo kuna mkanganyiko wetu wa Kusini hasa. Watu wanadhani gesi ya mtungi ni ile ya Msimbati au Songo Songo. Siyo. Ile ya kwetu inayotoka ardhini ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda juu. Ya mtungi ni nyingine, inaagizwa kutoka nje, na ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni kama maji, inajaza chini ya kitanda na pembeni ya kabati. Kwa hiyo kufungua kidirisha cha juu hakutoshi, fungua mlango, funga kichwa cha mtungi, usiwashe wala kuzima taa, toka nje na watoto, subiri. Harufu ikiwa imeisha kwenye kimo cha pua yako, chini inaweza kuwa bado ipo.